Michael Faraday

Michael Faraday (Newington Butts, Surrey, 22 Septemba 1791 – Hampton Court, 25 Agosti 1867) alikuwa mwanakemia na mwanafizikia kutoka nchi ya Uingereza. Anajulikana hasa kwa kugundua jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme (1831) na kwa kanuni mbili za elektrolisisi zinazoitwa kwa jina lake (1833–1834). Alisoma shule ya kawaida kwa muda mfupi tu, hakufika chuo kikuu, na hisabati yake ilibaki ndogo hadi mwisho wa maisha yake.

Nchini Tanzania jina lake hufahamika kupitia vitabu vya fizikia na kemia vya sekondari. Lakini katika mikoa ya Geita na Shinyanga kazi yake inatumika kila siku nje ya darasa, kwa kuwa dhahabu nyingi ya huko hupita katika seli ya elektrolisisi kabla haijayeyushwa kuwa tofali. Faraday mwenyewe alichunguza dhahabu, sianidi, mvuke wa zebaki na milipuko ya migodini, na kwa sababu hiyo makala hii inazingatia zaidi upande huo wa maisha yake.

Utoto na ujana

Faraday alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehamia karibu na London kutoka kaskazini mwa Uingereza. Afya yake ilikuwa dhaifu na mara nyingi hakuweza kufanya kazi. Mama yake, Margaret Hastwell, aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1801 chakula kilipopanda bei, Michael alipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumtosha wiki nzima.

Familia ilikuwa ya kanisa dogo la Wasandemani, Wakristo waliojitenga na kanisa la Uskoti na kusisitiza maisha ya unyofu bila kujilimbikizia mali. Faraday alibaki mwaminifu kwa kanisa hilo maisha yake yote, na baadaye alikuwa mzee wa kanisa. Wengi wanaona kwamba msimamo wake kuhusu fedha na vyeo ulitoka huko.

Alipofikisha miaka 13 alianza kutumwa kupeleka magazeti na George Riebau, mhamiaji kutoka Ufaransa aliyekuwa na duka la vitabu London. Mwaka 1805 akawa mwanagenzi wake wa kujalidi vitabu kwa miaka 7. Bahati yake ilikuwa kwamba Riebau hakumkataza kusoma vitabu alivyoletewa kushona. Makala kuhusu umeme katika Encyclopædia Britannica na kitabu cha kemia cha Jane Marcet vilimvutia kuliko vingine. Kuanzia mwaka 1810 alihudhuria mihadhara ya jioni ya sayansi kwa kiingilio cha shilingi moja, ambayo kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao, alimlipia.

Julai 1812, akiwa bado mjalidi, alitengeneza betri yake ya kwanza kwa sarafu 7 za nusu peni, visahani 7 vya zinki na vipande 6 vya karatasi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Kwa betri hiyo aliweza kuchanganua salfati ya magnesi. Hiyo ndiyo elektrolisisi yake ya kwanza, na aliifanya kwa vitu ambavyo fundi yeyote angeweza kuviokota.

Kwa Humphry Davy

Mwaka huohuo mteja wa duka, William Dance, alimpa tiketi za kusikiliza mihadhara minne ya Humphry Davy katika Royal Institution. Davy alikuwa mwanakemia maarufu kuliko wote nchini. Kwa elektrolisisi alikuwa ametenga sodiamu na potasiamu mwaka 1807. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora vifaa, akajalidi kazi hiyo kuwa kitabu cha kurasa karibu 300 na kumtumia Davy pamoja na ombi la kazi. Tarehe 1 Machi 1813 aliajiriwa kama msaidizi wa maabara. Mshahara ulikuwa shilingi 25 kwa wiki, vyumba viwili vya juu, makaa ya kuotea moto na mishumaa.

Kati ya miaka 1813 na 1815 alifuatana na Davy katika safari ndefu ya Ulaya. Alikutana na Ampère mjini Paris na Volta mjini Milano. Hata hivyo ilimbidi pia afanye kazi za mtumishi wa chumbani, na Jane, mke wa Davy, alimtendea kama mtumishi kweli. Faraday aliwahi kufikiria kuacha sayansi na kurudi nyumbani.

Waliporudi Davy aliombwa kutafuta namna ya kuzuia milipuko ya gesi katika migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1815 alitengeneza taa ambayo mwali wake umezungukwa na wavu mwembamba wa chuma: joto husambaa katika wavu na gesi ya nje haiwaki. Faraday alimsaidia katika majaribio hayo.

Gesi zilizobanwa na mvuke wa zebaki

Mwaka 1821 Faraday alimwoa Sarah Barnard, binti wa familia ya kanisa lake. Hawakujaliwa watoto. Mwaka huo aliweza kuufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kukoma, yaani mota ya umeme ya kwanza katika umbo lake la awali. Ugunduzi huo ulimletea lawama, kwa kuwa William Wollaston alikuwa akifikiria jambo linalofanana na Faraday hakumtaja. Uhusiano wake na Davy uliharibika. Jina lake lilipopendekezwa katika Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wa chama, alimpinga. Faraday alichaguliwa hata hivyo tarehe 8 Januari 1824, kura moja tu ikiwa ya kumkataa.

Mwaka 1823 alifunga kiwanja cha klorini ndani ya mrija wa kioo uliozibwa pande zote, akaupasha moto upande mmoja. Gesi iliyotoka haikuwa na pa kwenda. Msukumo ukapanda na klorini ikawa kimiminika. Kwa njia hiyo aligeuza gesi nyingine kadhaa, zikiwemo amonia na dioksidi kabonia, kuwa vimiminika. Mirija ililipuka mara kwa mara na vipande vya kioo vilimwingia machoni.

Miaka hiyohiyo alifanya jaribio dogo ambalo wasifu nyingi hazilitaji. Alimimina zebaki kidogo chini ya chupa, akaning'iniza kipande chembamba cha dhahabu kwenye kizibo bila kugusa zebaki, akaiacha chupa mahali penye joto la kawaida. Baada ya wiki kadhaa dhahabu ilikuwa imegeuka nyeupe: mvuke wa zebaki ulikuwa umepanda na kuungana nayo. Hapakuwa na moto wowote. Kwa mchimbaji wa Nyarugusu, Rwamagasa au Mwakitolyo jaribio hili lina maana ya moja kwa moja. Hatari inayozungumzwa zaidi ni ile ya kuchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki juu ya jiko, na ndiyo kubwa zaidi, hasa pasipo na retoti ya kukamata mvuke. Lakini zebaki iliyowekwa ndani ya nyumba katika chombo kisichofunikwa, au iliyomwagika sakafuni, hutoa mvuke usioonekana na usio na harufu usiku na mchana, na wanaolala humo huuvuta.

Umeme kutoka sumaku

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alizungusha nyaya mbili katika pete ya chuma, kila moja upande wake. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, mshale wa kipimo kilichofungwa katika waya wa pili ulitikisika kisha ukatulia. Ulitikisika tena alipoikata betri. Umeme haukutokana na usumaku wenyewe bali na kubadilika kwake. Mwezi Oktoba alipata umeme kwa kuingiza na kutoa sumaku katika koili, kisha kwa kuzungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku. Jenereta zote, kuanzia zile za mabwawa hadi ile ya dizeli inayoendesha karasha porini, hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Kanuni za elektrolisisi

Baada ya hapo alirudi kwenye kemia. Wakati huo wengi waliamini kwamba ncha za betri huvuta na kurarua dutu iliyo kati yake, hivyo umbo na ukubwa wake vingekuwa na maana kubwa. Faraday alipitisha mkondo mmoja katika vyombo kadhaa vya maji yenye asidi vilivyofuatana. Alibadilisha ukubwa wa vibao vya metali na ukali wa asidi. Kiasi cha gesi kilichotoka katika kila chombo kilikuwa kilekile.

Kanuni ya kwanza inasema kwamba kiasi cha dutu kinachotengwa hulingana na kiasi cha umeme kilichopita, basi. Kanuni ya pili inasema kwamba kiasi kilekile cha umeme hutenga dutu mbalimbali kwa uwiano wa uzani wake wa kemikali. Kutokana na hilo alitengeneza kifaa cha kupima umeme kwa kupima gesi inayotoka majini. Kwa kuwa maneno yalikosekana, aliomba msaada wa marafiki, hasa mwanazuoni William Whewell wa Cambridge, na hivyo yakazaliwa maneno yanayotumika hadi leo, hata kwa Kiswahili: elektrodi, anodi, kathodi, elektroliti, ioni.

Kwa vipimo vya leo, ampea 1 ikipita kwa saa 1 inaweza kutenga gramu 7.35 za dhahabu kutoka katika myeyusho wa sianidi, au gramu 0.038 tu za hidrojeni kutoka majini. Takwimu hizi mbili zinaeleza mengi kuhusu chumba cha dhahabu cha mgodi wowote. Miamba iliyosagwa huloweshwa kwa sianidi, dhahabu huyeyuka na kushikwa na kaboni, kisha huoshwa kutoka kwenye kaboni kwa myeyusho wa moto na kupelekwa katika seli yenye kathodi za nyuzi laini za chuma, zinazofanana na zile za kusugulia sufuria. Utaratibu huu unatumika katika migodi mikubwa kama Geita, na pia katika mitambo midogo inayohudumia wenye marudio. Dhahabu katika myeyusho huo ni kidogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mkondo haipati dhahabu ya kubeba na badala yake huchanganua maji. Mwenye mtambo analipia umeme unaotengeneza hidrojeni asiyoihitaji, na hidrojeni hiyo ni hatari katika chumba kisicho na hewa ya kutosha.

Marudio yaliyowahi kupita kwenye zebaki yana tatizo jingine. Sianidi huyeyusha zebaki pia, kaboni huishika, na seli huitenga pamoja na dhahabu. Wakati wa kuyeyusha, zebaki hutoka kama mvuke. Mfanyakazi ambaye hajawahi kushika zebaki kwa mkono anaweza kuivuta pale.

Kanuni ya Faraday na kubanwa kwa seli

Kanuni ya kwanza mara nyingine hueleweka vibaya, kana kwamba ujenzi wa seli hauna umuhimu. Kanuni inahusu kiasi cha umeme kinachopita; haisemi lolote kuhusu volteji inayohitajika kuusukuma umeme huo. Malipo ya umeme yanategemea vyote viwili.

Hilo linaonekana wazi katika seli za kisasa za kuchanganua maji ili kupata hidrojeni. Seli ya aina moja inayotumika sana ina utando mwembamba wa plastiki maalumu katikati, tabaka za kichocheo kila upande, kisha tabaka zenye vinyweleo (titani upande wa oksijeni, mara nyingi kaboni upande wa hidrojeni), na sahani za metali nje. Seli nyingi hupangwa pamoja na kubanwa kwa bolti. Kilo 1 ya hidrojeni inahitaji ampea-saa 26,600 hivi, iwe bolti zimekazwa au zimelegea, mradi gesi haivuji. Lakini zikilegea, tabaka hugusana mahali pachache tu, ukinzani hupanda na volteji hupanda nayo. Seli inayofanya kazi kwa volti 1.8 hutumia karibu kilowati-saa 48 kwa kilo; ikifika volti 2.0 hutumia 53.

Kukaza kupita kiasi nako kuna hasara. Vinyweleo husinyaa, maji hayafiki kwa urahisi kwenye kichocheo na mapovu ya gesi hukwama. Tabaka ya kaboni husagika. Utando hupungua unene, na nyuzi za titani zinaweza kuutoboa. Hapo hidrojeni na oksijeni hukutana, jambo ambalo hakuna fundi anayelitaka. Bolti zisipokazwa sawasawa, mkondo hujikusanya pale palipobanwa zaidi na kupachosha mapema. Kwa hiyo watengenezaji hutafuta kiwango cha katikati kwa kila aina ya seli, na hukaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, kama anavyofanya fundi gari kwenye silinda hedi.

Fundi wa seli ya dhahabu anakutana na jambo linalokaribiana na hilo anaposhindilia nyuzi za chuma katika kathodi. Zikiwa chache na legelege, hazigusi vizuri nguzo inayoleta umeme na nyuzi nyingi hubaki bila kazi. Zikishindiliwa mno, myeyusho huzipita pembeni badala ya kupenya ndani, na dhahabu hurudi kwenye tangi.

Mgodi wa Haswell

Tarehe 28 Septemba 1844 mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Haswell, kaskazini mashariki mwa Uingereza, uliua wanaume na wavulana 95. Wakili wa familia za marehemu aliomba serikali itume wataalamu, na serikali ikawatuma Faraday na mwanajiolojia Charles Lyell. Waliingia chini wenyewe. Inasimuliwa kwamba ili kupima mwendo wa hewa, msimamizi alitupia baruti kidogo kwenye mshumaa na kuangalia moshi unavyokwenda. Faraday akauliza baruti inahifadhiwa wapi, akajibiwa kwamba imo katika mfuko alioukalia.

Uchunguzi wa mahakama uliamua kuwa vifo vilikuwa ajali. Lakini ripoti ya Faraday na Lyell ilieleza kwamba gesi peke yake haikusababisha maafa yote: vumbi la makaa liliwaka pia na kuukuza moto. Walishauri hewa chafu inyonywe kutoka sehemu zilizokwisha kuchimbwa. Wenye migodi walisema haiwezekani, na hatari ya vumbi haikukubaliwa kwa upana hadi miongo mingi baadaye. Faraday hakuendelea kulipigania suala hilo, na pengine hapa ndipo mtu anaweza kumlaumu.

Dhahabu nyekundu

Baada ya kugundua mwaka 1845 kwamba usumaku unaathiri nuru, alitamani kujua nuru inavyotenda ikikutana na chembe ndogo sana za metali. Alichagua dhahabu kwa kuwa inaweza kufuliwa kuwa nyembamba kupita kiasi. Aliielea juu ya myeyusho wa sianidi ili iliwe na kuwa nyembamba zaidi. Sifa hiyo ya sianidi ndiyo iliyogeuzwa kuwa biashara na John Stewart MacArthur na ndugu Forrest wa Glasgow mwaka 1887, miaka 20 baada ya kifo cha Faraday. Pia alitengeneza vimiminika vyekundu kama rubi, akaeleza mwaka 1857 kwamba rangi hiyo ni ya dhahabu yenyewe ikiwa katika chembe ndogo mno zisizoonekana. Baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa Royal Institution.

Uzee na kifo

Tangu mwisho wa miaka ya 1830 Faraday alisumbuliwa na kizunguzungu na kupoteza kumbukumbu, na aliwahi kupumzika kwa miaka kadhaa. Sababu haijathibitishwa, baadhi ya waandishi wamehisi zebaki aliyoishika maabarani kwa miaka mingi. Hata hivyo aliendelea kufundisha. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanza 1825, aliitoa mara 19, ya mwisho ikiwa ile ya 1860–1861 kuhusu mshumaa.

Alikataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society. Wakati wa vita vya Krimea serikali ilimuuliza kuhusu kutengeneza gesi ya sumu, akakataa kushiriki. Mwaka 1858 malkia Viktoria alimpa nyumba ya kukaa Hampton Court, na huko alifariki akiwa kitini mwake tarehe 25 Agosti 1867. Hakutaka kuzikwa Westminster Abbey. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, kwa mazishi ya kawaida ya kanisa lake.

Kizio cha uwezo wa kuhifadhi chaji, faradi, kimepewa jina lake, sawa na namba ya Faraday, yaani kulombi 96,485 kwa kila moli ya elektroni. Picha yake ilikuwa kwenye noti ya pauni 20 ya Uingereza kuanzia 1991 hadi 2001.